Ukimya wa Sekunde Mbili

Nilikuwa nimeshika wembe, nakwangua ukingo wa utepe wa filamu ili gundi ipate kushika, Delmar aliposema kutoka meza ya pili, "Usiunganishe kwanza."

"Nimeshapaka gundi, Delmar."

"Iache ikauke. Yule mwanamume anajibu haraka mno."

Nikaweka wembe chini. Mimi ndiye niliyekata picha na Delmar ndiye aliyekata sauti. Hivi ni vitu viwili mbalimbali: utepe mmoja una nyuso za watu, wa pili una maneno yao, na kazi yetu ilikuwa kuvifanya viende pamoja pasiwe na mdomo unaofunguka kabla ya neno lake. Tulikuwa tumefanya kazi hiyo chumba kimoja kwa miaka saba, na kwa sita kati ya hiyo tulikuwa mume na mke. Jumanne iliyokuwa inakuja tungekuwa si mume na mke tena. Siku ile ilikuwa Jumatano.

"Anajibu haraka vipi?" nikamuuliza.

"Irudishe uone."

Nikaurudisha utepe kwenye mashine ya kutazamia. Picha yetu ilikuwa ya kuchekesha. Bwana na Bi Ferris wanaachana, na wamegawana kila kitu kwa amani, nyumba, gari, hata marafiki, isipokuwa mpishi wao Hulda, ambaye kila mmoja anamtaka. Basi wanakubaliana Hulda ampikie bwana nusu ya wiki na bibi nusu ya wiki, na Jumapili apumzike. Lakini kila Jumapili wote wawili wanatokea jikoni, kila mmoja na kisingizio chake. Mwishoni Hulda anachoka nao, anavua aproni, anabamiza mlango, na wao wanabaki peke yao na kuku mbichi mezani. Bi Ferris anauliza, "Hulda kaondoka. Sasa wewe umebaki kwa ajili gani?" Bwana Ferris anasema, "Kwa ajili yako."

Tulikuwa tumeipeleka picha hiyo kwenye sinema moja ya Glendale kuijaribu mbele ya watu. Walicheka tangu mwanzo mpaka mlango wa Hulda. Lilipofika lile jibu, ukumbi ukapoa. Nilisikia watu wakitafuta kofia zao chini ya viti. Mkurugenzi wetu, Bwana Wendt, aliniambia palepale kwenye ukumbi wa kuingilia, "Irma, kama hawacheki na hawalii, kata. Tutaishia kwenye mlango." Nilimwomba anipe mpaka Jumamosi, siku ya jaribio la pili.

Nikaendesha mashine. Umebaki kwa ajili gani? Kwa ajili yako.

"Umeona?" Delmar akasema. "Mtu mwenye jibu tayari mdomoni namna hiyo, alikuwa anaachana kwa nini? Angelisema mapema tukaenda zetu nyumbani."

"Wewe ndiye wa kuzungumzia majibu ya mapema?"

Niliona aibu kidogo, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli na mimi nilichosema kilikuwa cha kumchoma tu. Nikaenda kwenye pipa la vipande vilivyotupwa, nikatafuta kwa namba, na kipande nilichokitaka nikakipata. Katika mara ya nne ya kupiga sehemu ile, mwigizaji alisahau maneno. Akasimama anamtazama mwanamke, mdomo umefunguka nusu, macho yamelowa kwa hofu ya kuaibika, sekunde mbili nzima, kisha akakumbuka akasema. Mtu asiyejua angedhani ndiyo sura ya mwanamume anayeogopa kusema jambo.

"Hii hapa," nikasema. "Fremu arobaini na nane, sekunde mbili kamili."

Delmar akaitazama mara tatu. "Nzuri. Lakini sauti yake unaijua."

Niliijua. Katika sekunde zile mbili Bwana Wendt anasikika akipiga kelele nyuma ya kamera, "Sema, bwana, sema! Mama yako hakukufundisha kusema?"

Delmar akakata kelele ile, akatia utepe mtupu mahali pake, tukaendesha. Ilikuwa vibaya. Mwanamke anauliza, halafu ni kama mtu amekufunika uso kwa mto, halafu mwanamume anasema na dunia inarudi. Ukimya wa utepe mtupu si ukimya wa chumba. Chumba hata kikiwa kimya kina mlio wake.

"Na jiko lile lina mlio mkubwa," Delmar akasema. "Lina friji la kweli. Yule mama anayeigiza Bi Ferris alitaka kinywaji baridi kila baada ya nusu saa, basi wakaliwasha. Linaunguruma chini ya kila neno."

"Tukarekodi kwenye seti, basi."

"Seti imebomolewa Jumatatu. Friji limerudishwa lilikoazimwa." Akavua glavu, akazikunja, akaziweka mezani moja juu ya nyingine. "Ila ni sawasawa na letu, Irma. Modeli ileile. Lilipowashwa tu siku ya kwanza nikalitambua."

"Friji langu."

"Friji lako," akakubali.

"Miaka mitano ulilisikiliza friji kuliko ulivyonisikiliza mimi."

"Ndiyo maana nalijua," akasema, na sikujua kama anatania.

Yafaa niseme jinsi tulivyofika hapo. Mwaka uliotangulia, mwezi wa Machi, Delmar aliacha kusema. Hakukasirika wala hakulewa. Alikaa mezani, akala, akaosha sahani yake, akaenda kulala. Nilimuuliza, akatikisa kichwa. Mimi ni mtu wa kuhesabu. Ndiyo kazi yangu. Kila siku iliyopita bila neno niliitia alama kwenye kalenda ya ukutani, na zilipofika kumi na moja nikaenda kwa wakili. Sheria ya California inataka kosa, na inataka shahidi. Kosa likaitwa ukatili. Shahidi akawa jirani yangu, Bi Cornelia Fitch, aliyekuwa akila kwetu chakula cha jioni mara mbili kwa wiki na aliyeapa kwamba mume wangu alikuwa kama kabati. Hakimu aliitazama kalenda yangu kwa muda mrefu. Delmar alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Hapana, mheshimiwa." Tukapewa hukumu ya kwanza, ambayo huko kwetu haimalizi kitu, mnangoja mwaka mzima ndipo mnapewa ya pili. Wakili alinionya: katika mwaka huo msionekane mmelala wala kukaa chini ya paa moja, maana mtu akisema mmepatana, mwaka utakuwa bure. Kazini haihesabiki. Nyumbani inahesabika.

Nilimweleza Delmar hayo yote tena siku ile ya Jumatano, polepole.

"Ni dakika moja tu," akasema. "Mchana. Na Gus wa sauti atakuwepo na lori lake."

Sikukataa. Nilijiambia ni kwa ajili ya picha.

Alhamisi saa sita lori la sauti likaja mtaani kwetu. Ni lori kubwa jeusi, na Gus Petrakis, anayelikalia ndani na visikilizi vyake masikioni, aliliegesha kwa kurudi nyuma juu ya maua ya watu. Watoto wakakusanyika, mwenye barafu akasimamisha gari lake kuangalia. Delmar akapitisha waya kwenye dirisha la jikoni, akaliacha wazi kidogo, akaning'iniza kinasa sauti kwenye taa juu ya meza. Alitembea humo kama mgeni, anauliza, "Naweza kusogeza kiti?" wakati kiti alikinunua mwenyewe.

Bi Fitch akaingia bila kubisha. Alikuwa amevaa kofia, maana yake alikuja rasmi.

"Irma Haskell! Zimebaki siku tano! Nimekula kiapo kwa ajili yako, nimeshika Biblia, na sasa namkuta huyu jikoni?"

"Ni kazi, Bi Fitch. Tunarekodi."

"Mnarekodi nini?"

"Kimya," Delmar akasema.

Bi Fitch akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Hicho angeweza kuwauzia kwa magaloni."

Nikacheka kabla sijajizuia. Delmar naye midomo ikamcheza.

"Sitoki," Bi Fitch akasema, akavuta kiti. "Wakili akiniuliza, nitasema nilikuwepo na sikuona kitu. Nyinyi endeleeni."

Tukajaribu. Gus akapiga kelele kutoka kwenye lori kwamba mashine inazunguka. Sekunde nne hazijafika, Bi Fitch akashusha pumzi. Mara ya pili mwenye barafu akagonga kengele. Mara ya tatu Bi Fitch akanong'ona, "Hivi imeshaanza?"

"Mama," Gus akaita kutoka nje, "hata kofia yako naisikia!"

Delmar akamwambia kwa upole kwamba seti ilikuwa na watu wawili tu, na miili ya watu hunywa sauti, kwa hiyo watatu si sawa. Sijui kama hilo ni kweli kwa kiasi alichosema. Bi Fitch akafikiri, akaona halimpunguzii wajibu wake, akatoka nje akaenda kusimama dirishani, pua karibu na kioo.

"Nawaona!" akasema.

"Basi tuone tu," Delmar akamwambia. "Usituambie."

Mashine ikazunguka tena. Tulisimama pande mbili za meza, kama wale wa kwenye picha, bila kuku. Friji likaunguruma. Sikuwa nimesimama kimya mbele ya Delmar tangu zile siku kumi na moja, na wakati ule sikuwa nikimtazama; nilikuwa natazama kalenda. Sasa nikamtazama. Alikuwa amekonda shingo. Kichwa alikiinamisha upande, sikio la kulia likielekea friji, kama anavyofanya mtu anayesikiliza redio ya chumba cha pili. Nikajaribu kukumbuka kama siku zote alisimama hivyo. Hapana. Zamani alisimama wima.

Kwenye dirisha, upande wa kushoto wa Delmar, Bi Fitch alichoka kuning'iniza mkono, akauegemeza kwenye kioo. Pete yake ikagonga. Ti, ti, ti.

"Nani anagonga?" Gus akapiga kelele.

Nilimwangalia Delmar nikitegemea atamkaripia. Alikuwa bado anasikiliza friji. Alipoona nimegeuka, akauliza, "Vipi? Gus kasemaje?"

"Anasema kuna mtu kagonga."

"Hakuna aliyegonga. Mwambie atengeneze visikilizi vyake."

Bi Fitch akaficha mkono nyuma. Alijua amegonga, nami nilijua, na Gus alisikia akiwa ndani ya lori. Mtu pekee ambaye hakusikia alisimama hatua tatu kutoka kwenye kioo, naye ndiye mwenye masikio mazuri kuliko wote studioni, anayeweza kukuambia mwigizaji kabadilisha viatu.

Nikazunguka meza kana kwamba naenda kuweka sawa pazia, nikasimama nyuma yake kidogo, kushoto. Nikasema kwa sauti ya kawaida ya chini, "Delmar, kamba ya kiatu imefunguka."

Hakushusha macho.

Nikasogea. "Delmar, nyumba inaungua."

Alikuwa akikuna kidevu, anatazama waya.

Huenda ningeishia hapo. Lakini mtu akigundua kwamba anaweza kusema jambo lisisikike, ulimi hupata ujasiri. Nikasema, chini zaidi ya mwanzo, "Nimekukosa sana. Kila jioni."

"Irma!" Bi Fitch akapayuka dirishani. "Hilo nimelisikia!"

"Hata mimi," Gus akasema kutoka kwenye lori. "Na mashine inazunguka."

Delmar akageuka, anatutazama mmoja mmoja. "Amesikia nini? Mmesikia nini nyote?"

"Tangu lini, Delmar?" nikamuuliza. Safari hii nilisimama mbele yake.

"Tangu lini nini?"

"Sikio la kushoto."

Akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekiombea ruhusa. Mtu mwingine angekana. Yeye alivua miwani akaifuta kwa shati, na ilikuwa safi.

"Tangu ile picha ya majambazi," akasema. "Mlio wa mabomu yale niliusikiliza mara mia mbili. Machi nikaenda kwa daktari. Akaniambia la kushoto limekwisha, na la kulia hajui."

"Machi."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nasikiliza." Alisema polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta kipande kwenye pipa. "Nilikuwa najaribu kusikia kama la kulia nalo linakwenda. Nilidhani nikisema, hata kidogo, nitalikosa. Na nilidhani nikifungua mdomo nitakuambia, na wewe hujui kudanganya, ungeulizwa studioni ungejibu. Nani anamweka kiziwi akate sauti? Siku ya tano nikaona bado linasikia. Siku ya kumi na moja nikarudi nyumbani nikuambie. Ulikuwa kwa wakili."

"Na mahakamani? Uliulizwa, Delmar. Uliulizwa mbele ya watu kama una la kusema!"

"Mbele ya watu, ndiyo. Na mwandishi wa gazeti kakaa kiti cha mbele."

Nilikaa kiti cha pili. Nilikuwa na hasira, nami sitaificha. Siku kumi na moja za kuzungumza na ukuta hazifutiki kwa sababu ukuta ulikuwa na sababu. Lakini nilikumbuka pia jinsi nilivyokuwa nikitia zile alama, kwa mkono uliotulia, kila usiku moja, na kwamba hata siku moja sikumshika bega nikamwambia sitoki hapa mpaka useme. Nilihesabu tu. Mtu akiniuliza leo nani alikosa, nitaomba muda.

"La kulia likoje?" nikauliza.

"Ni zima. Daktari mwenyewe anashangaa."

"Ungeniambia ningekaa upande wa kulia."

Alitazama meza, mdomo umefunguka nusu. Sikuhesabu ni muda gani.

"Ningependa ukae," akasema mwishowe.

Bi Fitch alikuwa ameshaingia, kofia imepinda, analia waziwazi bila leso. "Kumi na tatu!" akamwambia Delmar. "Nimekula mezani kwenu mara kumi na tatu nikiwa upande wa kushoto! Mimi nikadhani una dharau!"

"Nilidhani husemi kitu, Bi Fitch."

"Mimi? Mimi nisiseme kitu?"

Gus aliangukia usukani kwa kicheko, tuliisikia honi.

Simu ililia wakati huohuo. Alikuwa wakili, akinikumbusha Jumanne saa nne, nisisahau kalamu yangu mwenyewe kwa sababu ya karani ni mbaya. Nilimwambia kwamba Bwana Haskell yuko hapa nyumbani kwa sasa. Akauliza kama ni kwa ajili ya kazi. Nilikuwa naipanga sentensi yangu vizuri, kama kawaida yangu, Bi Fitch aliponipokonya simu.

"Si kazi!" akamwambia. "Mimi ndiye shahidi, na mimi ni mwanamke mkweli, nimeona kwa macho yangu kupitia dirisha safi. Wako chini ya paa moja, mchana kweupe, wanazungumza! Andika hivyo. Anza kuhesabu mwaka upya!" Akakata simu, akatutazama kama mtu aliyetuvunjia kikombe. "Nimeharibu?"

Delmar alikuwa ananitazama mimi, si yeye. Alingoja.

"Jumanne siendi," nikamwambia. "Sijasema zaidi ya hapo."

"Hapo panatosha," akasema.

Tulirekodi dakika yetu mara mbili zaidi, Bi Fitch amekaa ndani ya lori na Gus, mlango umefungwa. Kisha Gus akaondoka na mkebe kwenda maabara, kwa sababu utepe wa sauti ni lazima usafishwe na kukaushwa kama picha nyingine yoyote, na wa kwetu hautatoka kabla ya asubuhi.

Alasiri tulirudi kazini kuandaa nafasi yake. Delmar alibeba stuli yake akaizungusha upande wa pili wa meza yangu, ili niwe kulia kwake. Meza ikawa haitoshi. Viwiko vyetu viligongana kila tulipogeuza mikono ya mashine. Nilikata jibu la Bwana Ferris nikalisogeza mbele, nikaweka sura yake ya kusahau mahali pake, nikaandika kwa kalamu ya nta kwenye utepe wa sauti: hapa jikoni.

"Arobaini na nane ni nyingi," nikasema. "Watu watadhani mashine imekwama. Tutie thelathini na sita."

"Ni chache. Yule mtu anaogopa."

"Hata anayeogopa hukohoa."

"Tia zote. Ukitia zote, mwanamke wa safu ya tatu ataanza kumwonea huruma. Ukikata, ataona ni kichekesho kingine."

"Na wewe unamjuaje mwanamke wa safu ya tatu?"

"Namsikia akitafuta kofia."

Tulibishana hivyo mpaka mlinzi akapita kuzima taa za ukumbi. Nilimwambia Delmar kwamba bila huo ukimya wenyewe mkononi tunakisia tu, yeye akasema basi tusikisie. Niliacha utepe haujaunganishwa, ncha mbili zimening'inia kwenye misumari juu ya pipa, nikafunga chupa ya gundi. Delmar alikuwa mlangoni ananisubiri, koti langu mkononi mwake.

"Saa mbili asubuhi?" akauliza.

"Saa moja na nusu," nikasema. "Bwana Wendt atataka kuiona mapema, na bado hatujakubaliana."